Pango la Shimoni na Mafunzo Yake

Jiografia ni elimu ya miguu kama ilivyo elimu ya macho. Mwanafunzi aliyekariri kitabuni kuwa maji hula mwamba wa chokaa amepata maneno. Aliyesimama pangoni akaona tone likidondoka amepata maana yake. Basi, msomaji, twende Shimoni, kusini ya Msambweni katika Kwale, mahali palipopewa jina na shimo lenyewe.

Kwanza tazama jiwe. Ukiukagua mwamba kwa karibu utaona ndani yake alama za matumbawe na maganda ya kombe, viumbe vya baharini. Vilifikaje nchi kavu? Yapata miaka 125,000 iliyopita bahari ilikuwa juu kuliko leo kwa mita kadhaa. Iliposhuka, matumbawe yaliachwa juani yakawa mwamba mkavu. Ndipo mvua ilipoanza kazi yake. Maji yake, yapitapo hewani na udongoni, huchukua hewa ya ukaa na kupata ukali mdogo, na ukali huo huyeyusha chokaa. Ufa ukawa tundu, tundu likawa pango. Chokaa nyingine iliganda tena darini, ikaning'inia kama vidole.

Sasa toka nje utazame bahari. Mbele yako kiko kisiwa cha Wasini, na kati yake na bara pana mkondo uliokingwa na mawimbi makuu. Hapo jahazi laweza kutia nanga kwa salama. Kuta ngumu za pango na bandari tulivu mbele yake: haya mawili ni jiografia, lakini yakiwekwa pamoja yanakuwa historia. Wenyeji husimulia, kama walivyopokea kwa wazee wao, ya kuwa mateka walifungwa humo wakingojea majahazi ya kuwapeleka kuuzwa Unguja.

Mwaka 1873 Seyyid Barghash wa Unguja alitia sahihi mkataba na Waingereza. Biashara ya watumwa baharini ikakatazwa na soko la Unguja likafungwa. Wafanyabiashara wakawapitisha mateka nchi kavu kando ya pwani, hata njia hiyo nayo ikapigwa marufuku mwaka 1876. Utumwa wenyewe haukufutwa kisheria katika pwani ya Kenya ila mwaka 1907.

Mikataba ina tarehe na sahihi. Mateka hawakuandika kitu. Majina yao hatunayo. Kwa hiyo, uendapo Shimoni, chukua kamba upime upana wa pango, chora mwamba, uliza wazee na uandike wasemayo kama wasemavyo. Pima habari kwa haki, wala usiidharau kwa kuwa imekaa vinywani.

Jiwe hili halina hatia. Huko Diani, penye mlango wa mto, jiwe la matumbawe lilijenga Msikiti wa Kongo, watu wakasali ndani yake. Maumbile humpa mwanadamu mahali. La kutenda mahali hapo huchagua mwenyewe, na kwa hilo ataulizwa.