Kolera ililetwa na nani?



Kolera ikitokea kwetu Fizi, swali la haraka ni: nani ameileta? Wa mlimani anamnyooshea kidole wa ziwani, wa ziwani anamnyooshea mkimbizi aliyeshuka kutoka Minembwe. Sisi tuliosoma, tuangalie kwanza historia.

Kolera haikuzaliwa hapa. Asili yake ni bonde la mto Ganges, huko India. Mwaka 1869 na 1870 iliua watu wengi sana Zanzibar. Daktari James Christie, aliyefanya kazi kisiwani, alifuatilia njia yake na kuona kwamba inatembea na watu wa misafara. Kolera ya siku zetu ilianzia Indonesia mwaka 1961, ikaingia Afrika Magharibi 1970, na mwishoni mwa miaka ya 1970 ikafika kandokando ya Tanganyika. Mpaka leo Kalemie, Fizi na Uvira hawajapumzika.

Sasa, kwa nini haiondoki? Kijidudu chake kinafanya utumbo umwage maji na chumvi. Mgonjwa anaweza kupoteza hata lita 1 kwa saa moja, na maji hayo yamejaa vijidudu. Yakiingia katika choo kilichochimbwa vizuri, mbali na kisima, safari yao imeishia pale. Yakienda mtoni ama ziwani, kesho yanarudi ndani ya bido la jirani. Yaani uchafu uliotoka katika mwili wangu unakuwa kinywaji chako.

Tukumbuke Goma, Julai 1994. Mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda walikaa juu ya mawe ya volkano, ambako kuchimba choo ni kazi ngumu, wakanywa maji ya ziwa Kivu. Makadirio yanasema karibu watu 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza, wengi kwa kolera na kuhara damu. Haikuwa kabila lililowaua. Ilikuwa kukosa choo na maji safi.

Hata jirani zetu wa Uvira wana ushahidi. Utafiti uliotolewa mwaka 2015 ulionyesha kwamba maji ya bomba yakikatika, siku zinazofuata wagonjwa wa kuhara wanaongezeka hospitalini.

Basi, wanafunzi mnaorudi likizo, kila mmoja aanze na nyumba yake: choo kiko wapi, maji yanachotwa wapi? Na mtu akianza kuhara, msingoje. Lita 1 ya maji yaliyochemshwa, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Anywe kidogo kidogo huku mkimpeleka kituo cha afya.

Tukiendelea kuuliza kabila la mgonjwa, tutazika watu wa makabila yote. Tuulize choo.