Haloo, Uko Karibu na Nini?

Leo nataka tuzungumzie historia ya simu za dharura. Nitaanza na kisa changu mwenyewe, kisha nitawapeleka London, nitawavusha hadi Pittsburgh kule Marekani, halafu nitawarudisha nyumbani, Ziwa Victoria. Vumilieni, safari ni moja.

Usiku mmoja nilikuwa natoka kazini, nimepanda bajaji, begi la kamera mapajani. Mbele yetu bodaboda ikagongwa na gari ambalo halikusimama. Kijana akabaki chini, mguu umegeukia upande usio wake. Watu wakajaa, kila mtu anatoa amri, hakuna anayetekeleza. Mimi, kwa kuwa ni mwandishi wa habari na hujifanya najua mambo, nikatoa simu nikapiga namba ya dharura. Ikaita weee, ikakatika. Nikapiga tena, ikakatika. Mara ya tatu ikapokelewa.

"Dada, kuna ajali huku, kijana kaumia vibaya."

"Pole, kaka. Uko wapi?"

Nikataja barabara.

"Barabara hiyo ni ndefu, kaka yangu. Uko karibu na nini?"

Nikaangaza huku na huku. Giza. "Karibu na mwembe mkubwa. Kabla hujafika kwa yule mama anayeuza chapati."

"Chapati za pale juu au za kule bondeni?"

Msicheke. Tulipokuja kuelewana ni chapati zipi, dereva wa bajaji yangu na wanaume wawili walikuwa wameshamnyanyua yule kijana na kuondoka naye kwenda hospitali. Nikabaki kando ya barabara, simu sikioni, namweleza dada wa watu kwamba mgonjwa hayupo tena. Kijana alipona, ingawa mpaka leo anachechemea. Daktari alisema bila kificho: walimuwahisha, na hilo ni jambo jema, lakini walimbeba kama gunia la mkaa, na mguu ukazidi kuharibika njiani.

Toka siku hiyo swali halijanitoka. Nani alikosea? Mimi niliyepiga simu? Dada aliyepokea? Au dereva aliyebeba bila kujua kubeba? Nikaanza kusoma historia ya namba hizi tunazozijua tangu shule ya msingi. Nimegundua jambo moja: karibu kila huduma nzuri ya dharura duniani ilizaliwa na simu iliyofeli. Wenzetu walipofeli walikaa chini wakajiuliza ni wapi palipokatika.

Tuanze London. Tarehe 10 Novemba 1935 nyumba moja katika mtaa wa Wimpole, mtaa maarufu kwa madaktari, ilishika moto. Jirani wa upande wa pili akakimbilia simu yake. Enzi hizo ukitaka msaada wa dharura ulimsubiri opareta akuunganishe. Jirani akasubiri. Akasubiri. Huku anaona moto kwa macho yake, simu yake iko kwenye foleni pamoja na za watu wengine, maana kule kwenye kituo cha simu taa zote zilikuwa zinafanana. Opareta hakuwa na namna ya kujua nani anataka kuripoti moto na nani anataka kumsalimia shangazi yake. Wanawake watano walikufa katika nyumba ile.

Jirani yule hakuishia kusikitika. Aliandika barua kwa gazeti la The Times kulalamika. Serikali ikaunda kamati, na kamati ikatoa majibu yanayoonekana. Tarehe 30 Juni 1937 London ikapata 999, namba ya kwanza ya dharura ya aina yake duniani. Kwa nini 999? Simu za wakati ule zilikuwa za kuzungusha kidole. Tundu la 9 liko jirani kabisa na la mwisho, kwa hiyo hata mtu aliyezingirwa na moshi, haoni kitu, angeweza kulipapasa. Yaani walimfikiria mpigaji akiwa gizani. Kumbukeni mimi na mwembe wangu.

Upande wa kituo cha simu, 999 ikiita, taa nyekundu iliwaka na honi ikalia. Husimuliwa kwamba honi zile zilikuwa na kelele kiasi kwamba maopareta walizichomeka mpira wa tenisi mdomoni zipunguze ukali. Wiki ya kwanza peke yake zilipigwa simu 1,336, na 91 kati yake zilikuwa za utani. Kwa hiyo mnaopiga namba za dharura kuulizia matokeo ya mechi, jueni hamkuanza nyie.

Siku nane tangu huduma ianze, saa 10 na dakika 20 alfajiri, mke wa msanifu majengo mmoja wa Hampstead alisikia vishindo chini ya dirisha. Akapiga 999. Polisi walifika ndani ya dakika chache na mwizi akakamatwa. Magazeti yakaandika na watu wakaamini. Hivyo ndivyo imani katika namba hujengwa: unapiga, mtu anatokea. Ikishindikana mara tatu mtaani kwenu, namba hiyo inabaki kuwa mapambo ya ukutani kituo cha polisi.

Sasa twendeni Marekani, tukaone shida ya aina nyingine. Kule namba yao ya 911 ilipigwa kwa mara ya kwanza tarehe 16 Februari 1968, katika mji mdogo wa Haleyville, jimbo la Alabama. Lakini namba ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni huyu anayekuja. Anajua nini?

Miaka ya sitini, katika mji wa Pittsburgh, ukipiga simu kwamba mtu ameanguka, aliyekuja alikuwa polisi na karandinga. Ndiyo, lilelile la kubebea wahalifu. Wanakuchukua, wanakutupia nyuma, wao wawili wanakaa mbele, mbio hospitali. Hakuna anayekuangalia kama unapumua. Miji mingine ilitumia magari ya watu wa mazishi, na hapo sihitaji kuongeza neno. Novemba 1966 David Lawrence, aliyewahi kuwa meya wa mji huo na gavana wa jimbo la Pennsylvania, alianguka kwenye mkutano wa kampeni. Naye akabebwa na gari la polisi. Hakuzinduka tena, alifariki siku kadhaa baadaye. Kumbe karandinga halichagui cheo.

Katika mji huo alikuwepo daktari wa usingizi, Peter Safar, mzaliwa wa Austria, mmoja wa waasisi wa mbinu ya kumrudishia mtu pumzi na mapigo ya moyo. Mwaka huohuo wa 1966 binti yake mdogo alifariki kwa pumu. Safar aliamua kwamba matibabu lazima yaanzie pale mtu alipoangukia. Lakini angewapata wapi watu wa kuwafundisha?

Hapa ndipo kisa kinaponoga. Katika mtaa wa Hill District, mtaa wa watu weusi uliokuwa umesahauliwa na kila huduma, kulikuwa na shirika dogo la Freedom House. Mwaka 1967 likaungana na Safar. Vijana weusi wa mtaa, ambao mji ulikuwa unawaita wasioajirika, wengine hata sekondari hawakumaliza, wakaingizwa darasani. Walisoma mwili wa binadamu, walijifunza kuingiza mrija wa hewa kooni, kumtunza mgonjwa wa moyo, kuzalisha. Wakapewa magari yenye vifaa. Mwaka wa kwanza waliitikia simu zaidi ya 5,800. Simulizi zao ni za ajabu: wapo wagonjwa wazungu waliokata pumzi nusu, lakini bado wanakataa kuguswa na mikono myeusi. Vijana wakawahudumia hivyohivyo.

Daktari Nancy Caroline alijiunga nao kama mkuu wa utabibu, na mafunzo aliyoandika kutokana na kazi ile yakawa msingi wa mtaala wa taifa zima. Mwisho wake unauma. Mwaka 1975 halmashauri ya mji ikaanzisha huduma yake yenyewe, Freedom House ikafungwa, na wengi wa vijana wale wakajikuta nje ya kazi waliyoibuni. Lakini ukiona leo mtu wa ambulensi anamhudumia mgonjwa wakati gari linatembea, jua kwamba kijana wa Hill District ana mkono wake pale.

Sasa turudi nyumbani. Nimewaahidi Ziwa Victoria.

Asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilipinduka ikiwa imekaribia kabisa Mwanza. Inakadiriwa kuwa watu zaidi ya 800 walipoteza maisha. Taifa likaomboleza siku tatu, na wengi wamelala makaburi ya Igoma. Lakini kati ya miito yote ya kuomba msaada niliyowahi kusoma, hakuna unaonisumbua kama wa siku ile, na wala haukupita kwenye simu. Meli ilielea imegeuka, tumbo juu, na ndani yake kulikuwa na watu hai waliokuwa wanagonga bati. Ngo, ngo, ngo. Waliokuwa nje wakasikia. Wakafanya ambalo mimi na wewe tungefanya kwa haraka ya huruma: wakatoboa tundu wawatoe. Hewa iliyokuwa imeishikilia meli ikatoka. Meli ikazama.

Sisemi hayo kuwahukumu watu waliokuwa juu ya lile bati. Walisikia binadamu wanagonga. Nasema mwito ulifika, mioyo ikaitika, ila ujuzi na vifaa havikuwepo. Ni yule kijana wa bodaboda, mara mia kadhaa.

Miaka 26 ikapita. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya abiria iliyobeba watu 43 ikaangukia ziwani karibu na uwanja wa Bukoba. Waliofika kwanza ni wavuvi na mitumbwi yao. Mmoja, Majaliwa Jackson, alitumia kasia kufungua njia mlango wa nyuma, watu wakatoka. Kisha akaenda upande wa marubani, akawaona kupitia kioo wakimwashiria. Akajaribu kuwasaidia, kamba ikakatika ikampiga, akaja kuzindukia hospitali. Watu 24 walipona, 19 walikufa, marubani wote wawili wakiwemo. Ripoti ya awali ya uchunguzi ilieleza kwamba uokoaji ungekuwa wa haraka zaidi, maisha zaidi yangeokolewa. Mvuvi yule alipewa shilingi milioni 1, na ikaagizwa apewe ajira jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Nilifurahi kama nyote mlivyofurahi. Lakini baada ya kupiga makofi nikajiuliza: tumemchukua mvuvi tukampeleka kwenye jeshi. Je, jeshi limepelekwa kwa wavuvi? Wangapi kwenye mialo ya ziwa wamefundishwa kuokoa, na wana kamba na maboya? Pittsburgh haikupata huduma kwa kumtunuku shujaa mmoja. Ilipata kwa kuwaweka darasani vijana waliokuwa jirani na tukio.

Na msiseme hatuwezi, maana tunaweza. Upo mpango wa m-mama, wa kuwawahisha wajawazito na vichanga. Unapiga 115 bure, na kama gari la wagonjwa liko mbali, anaitwa dereva wa eneo lenu aliyesajiliwa, na analipwa nauli yake kwa simu. Yaani mtu amekaa chini akakiri kwamba Bongo mwokoaji wa kwanza ni jirani mwenye gari, kisha akampa jirani huyo utaratibu. Kwa nini dereva wa bajaji asipewe wake? Siku mbili tu za kufundishwa namna ya kumnyanyua majeruhi, kufunga mguu kwa ubao, kuzuia damu. Kijana wangu leo angekuwa hachechemei.

Juzi nilipita pale. Mwembe upo, mama wa chapati kahama. Kwenye geti la jirani kuna kibao cha namba ya nyumba, vile vilivyowekwa mwaka 2022 katika operesheni ya anwani za makazi. Nimeiandika ile namba kwenye simu, pamoja na 112 ya polisi na 114 ya Zimamoto.

Nawe hapo ulipokaa, hebu jiulize kabla hujainuka. Ukipiga simu usiku wa leo, dada akakuuliza uko karibu na nini, utamjibuje?