Mtoto Mchanga na Arubaini Yake: Tuliyojifunza Pemba



Mtoto anapozaliwa katika nyumba zetu za pwani, hapapiti saa moja ila nyumba imejaa. Bibi yupo, shangazi yupo, jirani yupo, na kila aingiaye na bakuli la uji huingia na nasaha yake. Huyu asema mtoto apewe maji kidogo, koo limemkauka. Yule asema kitovu kipakwe dawa kikauke upesi. Wa tatu asema dang'a, yale maziwa mazito ya manjano ya mwanzo, ni machafu, yakamuliwe yamwagwe. Na wale wazazi vijana wamekaa katikati kama wageni, hawajui wamfuate nani. Akikataa mmoja wao, ataambiwa hana adabu. Akikubali yote, huenda akamdhuru mwanawe.

Basi leo natutazame tarikhi ya kisiwa chetu cha Pemba katika jambo hili la kulea mtoto mchanga. Kuna mafunzo ambayo watoto wetu wenyewe wameyatoa, na dunia imeyapokea, ilhali sisi wenye watoto wengi wetu hatuyajui.

Mimi ni mtu wa Mkoani, na nimezaliwa karibu na mwaka 1960. Katika udogo wangu, mzazi alikuwa haachwi peke yake. Kwa siku arubaini hakushika jembe wala hakuteka maji, na hata msimu wa karafuu ukiwa umepamba moto, hakuna aliyethubutu kumwita mkarafuuni. Mama yake au dada yake alihamia nyumbani, akamkanda, akampikia uji wa pilipili manga na supu ya kuku. Usiku mtoto akilia, palikuwa na mikono mingine ya kumpokea. Haya wazee wetu hawakuyasoma katika kitabu cha daktari, lakini waliyajua: mwanamke aliyejifungua amevuja damu na amechoka, na asipotunzwa yeye, mtoto naye hatunziki.

Na sheria yetu imelithibitisha hilo. Mafakihi wa madhehebu ya Imam Shafi wamesema kuwa nifasi kwa kawaida ni siku arubaini, na mwisho wake ni siku sitini. Katika muda wa damu hiyo mwanamke hasali, na swala hizo hazilipi. Na saumu atailipa baadaye. Zingatia, ndugu yangu. Mola wake amemwondolea swala, iliyo nguzo ya dini. Je, wewe mume utapata wapi haki ya kumgombeza kwa kuwa wali umechelewa?

Lakini insafu yatutaka tuseme yote. Katika nyumba ile ile iliyojaa mapenzi, mimi nilipata ndugu mdogo aliyeishi siku nane tu. Alizaliwa mzima, akanyonya vizuri. Siku ya sita taya zikakaza, akawa hawezi kushika ziwa, mwili ukawa unajipinda kila akiguswa. Watu wakasema ni shetani, pakafukizwa na pakasomwa. Nami nilipokuwa mtu mzima ndipo nilipofahamu kuwa ile ilikuwa pepopunda, na kwamba yamkini iliingia kwa kitovu, ama kwa kile kilichokikata au kwa dawa aliyopaka bibi yetu kwa mkono wake mwenyewe. Bibi yule alimpenda mjukuu wake kuliko roho yake. Mapenzi yalikuwepo, kilichokosekana ni ilimu. Na mama yangu alikaa miaka akijilaumu kwa kosa ambalo hakulijua.

Wangapi walikwenda njia hiyo katika visiwa hivi, Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye. Lakini wanawake wajawazito walipoanza kuchanjwa sindano ya pepopunda, na vitovu vikakatwa kwa wembe safi, maradhi yale yakarudi nyuma, hata mwaka 2012 Tanzania ikathibitishwa kuwa imeyaondoa katika hesabu ya maafa makubwa ya watoto wachanga. Sindano ndogo ya mkono imefanya kazi ambayo mafusho yote ya udi hayakuifanya.

Sasa sikiliza habari ya kitovu yenyewe. Huko Nepal, Bangladesh na Pakistan wataalamu walipaka kitovu cha mtoto dawa ya kuulia vijidudu iitwayo klorheksidini, na vifo vikapungua. Ikaulizwa: je, na Afrika itafaa vivyo hivyo? Jawabu likatafutwa kwetu. Kuanzia mwaka 2011 watoto wachanga zaidi ya 36,000 wa Pemba waliingizwa katika utafiti: baadhi walipakwa dawa hiyo, na wengine kitovu chao kiliachwa kikavu na safi. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2016, ilionekana kuwa ile dawa haikupunguza vifo kuliko kitovu kilichoachwa kikavu. Ikiwa dawa ya kitaalamu, iliyopimwa na kutiwa chupani, haikuleta faida ya ziada hapa petu, majivu, mafuta na majani yaliyotwangwa yataleta nini isipokuwa khatari?

La pili ni habari ya madini ya chuma, yale yanayosemwa kuwa huongeza damu. Ilidhaniwa kuwa ni kheri kumpa kila mtoto mdogo katika nchi zetu. Hapa Pemba, watoto zaidi ya 24,000, wa tangu mwezi mmoja mpaka chini ya miaka mitatu, waliingizwa katika utafiti. Mwezi wa Agosti 2003 upande wa madini hayo ulisimamishwa, kwani waliopewa walizidi kuugua sana na kufa kuliko wasiopewa. Kisiwa kilikuwa na malaria nyingi, na kilichokusudiwa kuwa nguvu kikawa dhara. Habari hizo zilitangazwa mwaka 2006, na Shirika la Afya Duniani likabadilisha nasaha yake kwa nchi zenye malaria. Yaani watoto wa wavuvi na wachumaji karafuu wa kisiwa hiki wamewafundisha madaktari wa dunia nzima. Fundisho ni hili: nia njema haitoshi. Usimpe mtoto chochote kwa kuwa umesikia kinatia nguvu, mpaka umemuuliza ajuaye na mtoto amepimwa. Nayo Qur'ani imetuamrisha tuwaulize wenye ilimu katika tusilolijua.

La tatu ni malaria yenyewe. Kuanzia mwaka 1958 watu wenye mabomba walipita nyumba kwa nyumba Unguja na Pemba wakipiga dawa ya mbu kutani. Kabla yake, Pemba karibu watu watatu katika kila wanne walikuwa na vijidudu vya malaria. Baada ya miaka kumi, hawakufika wawili katika mia. Kazi ikaachwa mwaka 1968, na maradhi yakarudi yakawazika watoto wengine. Kuanzia mwaka 2003 zikaja dawa mseto, kisha vyandarua na upigaji dawa mpya, nayo malaria ikashuka tena mpaka chini ya mtu mmoja katika mia. Mwenye kusema leo "mbu si kitu tena" na akakitumia chandarua cha mtoto kufunikia miche, huyo anarudia kosa la mwaka 1968 ndani ya nyumba yake.

Ndugu msomaji, utaniuliza: basi tuyatupe ya wazee? Hasha. Ya wazee yako mafungu mawili. Kumpumzisha mzazi, kumlisha, kumzunguka kwa jamaa: hayo ni dhahabu, na kwa masikitiko makubwa ndiyo tunayoyaacha. Kupaka kitovu, kumwaga dang'a, kumpa mtoto maji: hayo ndiyo ya kuacha, na baadhi yetu ndiyo tuliyoyashikilia.

Tazama hali yetu. Vijana wetu wanapanda meli gatini Mkoani, huyu Unguja, huyu Dar es Salaam, huyu anavuka mpaka Maskati. Binti anajifungua chumba cha kupanga, mama yake yuko Pemba, mume yuko kazini. Simu anayo, lakini simu haimpokei mtoto usiku. Anakaa peke yake analia, na watu humwambia hana shukrani kwa neema ya Mola. Huyo si mkosefu wa shukrani. Huyo amekosa arubaini. Na huzuni ikipita wiki mbili, au akawa hali, halali, hamtazami mwanawe, basi hayo ni maradhi kama maradhi mengine, apelekwe kwa daktari.

Suratul Baqarah, aya ya 233, imepanga jambo hili kwa uadilifu. Mama kunyonyesha miaka miwili kamili kwa atakaye kutimiza. Baba kumlisha na kumvisha kwa wema. Asidhuriwe mama kwa ajili ya mwanawe, wala baba. Na kumlikiza mtoto kabla ya muda huo kuwe kwa kuridhiana na kushauriana wote wawili. Basi baba si mgeni wa kuja kumtazama mtoto siku ya hakika tu. Kama mama mkwe hayupo, maji chota wewe, nguo fua wewe, mtoto wa usiku mbebe wewe.

Na kwa ufupi shikeni haya. Mtoto anyonye ndani ya saa ya kwanza, na dang'a asinyimwe. Miezi sita ya mwanzo ni maziwa ya mama tu, hata maji asipewe, isipokuwa dawa aliyoandikiwa. Kitovu kiachwe kikavu, mikono ioshwe kwa sabuni. Chanjo zisikose, na alale ndani ya chandarua. Akikataa ziwa, akipata homa au mwili kuwa baridi, akipumua mbio, akishtuka-shtuka, akiwa manjano mpaka nyayoni, au kitovu kikiwa chekundu na kutoa usaha, msingoje asubuhi. Kadhalika mama akitokwa damu nyingi au akishikwa na homa. Mkoani tunayo hospitali ya Abdalla Mzee, iliyojengwa upya kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 2016. Ndugu yangu yule hakuijua neema hiyo. Dua isomwe, naam, lakini isomwe njiani kuelekea hospitali.

Nawe bibi, unayesoma haya au unayesomewa na mjukuu, usidhani nakushusha. Nafasi yako ni kubwa kuliko dawa yoyote ya kitovu. Kaa na binti yako siku arubaini, mpikie, mpokee mtoto alale. Hakuna duka linalouza hilo.

Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu na awarehemu waliotutangulia wangali wachanga. Wabillahi tawfiq.