Kwa nini video ya harusi hurukaruka ughaibuni

Katika majiji pacha ya Minneapolis na Saint Paul, jimboni Minnesota, wanakoishi maelfu ya watu wenye asili ya Somalia, Kenya, Ethiopia na nchi jirani, kuna familia zilizozoea kuunganisha kompyuta na televisheni ya sebuleni ili kutazama yaliyotokea nyumbani: harusi iliyofungwa Mombasa, au mazishi ambayo aliyeko ng'ambo hakuweza kuyahudhuria. Kompyuta ilikuwa na faida moja kubwa. Mashine nyingi za DVD zilizouzwa Marekani zilizikataa diski zilizorekodiwa Afrika Mashariki, ilhali kompyuta huzisoma bila ubishi.

Huzisoma, lakini bibi harusi anapotembea, au kamera inapozungushwa polepole kuwaonyesha wageni, picha huenda kwa kurukaruka. Wapo wanaodhani diski imeharibika. Wapo wanaonunua kompyuta mpya, na tatizo likabaki palepale.

Chanzo chake ni cha zamani kuliko kompyuta yenyewe. Umeme wa Kenya, Tanzania na Uganda huenda kwa mizunguko 50 kwa sekunde. Wa Marekani, 60. Televisheni zilipobuniwa, kasi ya picha ilifuata kasi ya umeme. Mfumo wa PAL uliotumika Afrika Mashariki ulionyesha picha 25 kwa sekunde, na ule wa NTSC wa Marekani takriban 30. Marekani ilizima mitambo mikuu ya analojia mwezi Juni 2009, Tanzania ikaanza kuzima yake mwishoni mwa 2012, na Nairobi ikafuata mwaka 2015. Hata hivyo, tofauti hiyo ya kasi ilirithiwa na mitambo ya dijitali.

Skrini ya kawaida iliyonunuliwa Minnesota hujichora upya mara 60 kwa sekunde, na 60 haigawanyiki sawasawa kwa 25. Kila picha ingestahili kukaa zamu 2.4, jambo lisilowezekana. Kwa hiyo, katika kila sekunde, picha 15 hukaa zamu mbili na picha 10 hukaa zamu tatu. Hakuna picha iliyopotea, ila muda wake si sawa, na jicho hulitambua hilo hasa kitu kinapokwenda taratibu.

Tiba ni kubadili mpangilio wa skrini kwenye kompyuta uwe Hz 50, ili kila picha ikae zamu mbili kamili. Programu ya Kodi, iliyoitwa XBMC hadi mwaka 2014, huweza kufanya hivyo yenyewe kila video inapoanza, mradi mtumiaji ameiruhusu katika mipangilio. Bahati mbaya, si kila televisheni iliyouzwa Marekani hukubali 50. Ikikataa 50 lakini ikakubali 24, video huweza kupunguzwa mwendo hadi picha 24 kwa sekunde: ya saa moja itachukua dakika 62 na nusu, na sauti itakuwa nzito kidogo isiporekebishwa.

Mruko usio na mpangilio maalumu ni ugonjwa mwingine. Video ikienda vizuri kisha ikasimama ghafla, na faili lenyewe linapitia Wi-Fi, mtandao ndio wa kushukiwa kwanza. Maghorofa ya Riverside Plaza, mtaani Cedar-Riverside, yaliyofunguliwa mwaka 1973, yana nyumba takriban 1,300. Katika masafa ya gigahezi 2.4 kuna njia tatu tu zisizoingiliana, yaani 1, 6 na 11, na majirani wote huzigombania. Jaribio lake ni jepesi: faili linakiliwa kwenye diski ya ndani ya kompyuta na kuchezwa tena. Likitulia, waya wa mtandao kutoka kwenye ruta utatosha. Lisipotulia, huenda kompyuta ni ya zamani na haina uwezo wa kufungua video za H.265. Na tatizo linaloanza baada ya nusu saa mara nyingi ni joto; feni iliyojaa vumbi isafishwe.

Lipo kosa moja lisilotibika kwa mpangilio wowote. Baadhi ya video hubadilishwa kutoka picha 25 hadi 30 kwa sekunde kabla ya kutumwa Marekani, kwa nia njema, na programu duni hujaza pengo kwa kurudia picha moja katika kila tano. Mruko huo huwa umeshachomwa ndani ya faili. Wa kuulizwa ni mpiga picha aliyeko Mombasa au Kisii, kama bado anayo kanda ya awali, na aombwe kuinakili kwa kasi yake ya 25 bila kuigusa.