Kupakia Masafa: Istilahi ya Redio Pekuzi

Fundi wa redio koli akikwambia ana kazi ya "kuingiza masafa", humuulizi maana. Msimamizi wa ujenzi kule Mtumba, Dodoma, anaelewa, mkuu wa walinzi anaelewa, na kijana anayebeba redio kiunoni anaelewa. Shida huanza kazi hiyohiyo inapotakiwa kuandikwa kwenye mwongozo, zabuni au somo la chuo. Hapo kila mtu anakuja na lake: kuprogramu redio, kuseti chaneli, kufidi frikwensi. Makala haya yanapendekeza kupakia masafa, na yanataka kueleza ni nini hasa kinachopakiwa, na wapi.

Tuanze na chombo chenyewe. Ukimtajia mtu wa Dodoma mjini neno skana, atafikiria mashine ya steshenari inayonakili vyeti. Skana ya redio ni kitu kingine kabisa. Ni kipokezi kinachopitia orodha ya masafa haraka haraka. Kikikuta sauti kinatulia hapo, mazungumzo yakikatika kinaendelea na safari. Hakina kitufe cha kusemea, kazi yake ni kusikiliza tu. Kitendo hicho Kiswahili kinakijua siku nyingi, ni kupekua, kwa hiyo nitakiita redio pekuzi. Najua neno pekuzi lina harufu ya umbea. Tuliache na harufu yake, kwa sababu tutakapofika kwenye sheria litatusaidia.

Sasa masafa, neno lenye mambo. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni umbali. Mwendesha basi la Singida anapozungumzia masafa marefu, anazungumzia kilomita. Redio ilipoingia, neno likapewa kazi ya pili. Wasikilizaji wa Idhaa ya Kiswahili ya BBC, iliyoanza mwaka 1957, na wa Deutsche Welle, iliyowafuata mwaka 1963, walizoea kusikia matangazo yakija "katika masafa mafupi, mita bendi 31" au 49. Hapo masafa bado yalikuwa umbali: urefu wa wimbi, kutoka kilele kimoja hadi kinachofuata, ukipimwa kwa mita. Vikaja vituo vya FM, na neno lilelile likaanza kutaja megahezi, yaani mamilioni ya mitetemo kwa sekunde.

Vipimo hivi viwili vinakwenda kinyume, kimoja kikipanda kingine kinashuka. Gawanya 300 kwa idadi ya megahezi, utapata urefu wa wimbi kwa mita. Megahezi 6 ni mita 50, ndiyo maana mita bendi 49 iko jirani na hapo. Megahezi 121.5 ni karibu mita mbili na nusu. Matokeo yake ni kwamba "masafa mafupi" ya babu zetu, kati ya megahezi 3 na 30, wahandisi wanayaita masafa ya juu. Ni mawimbi yaleyale. Mwanafunzi anayekutana na majina yote mawili katika wiki moja ana haki ya kuchanganyikiwa.

Wako wanaotaka tuliache neno hili tushike marudio, au frikwensi. Siwaungi mkono. Masafa yameshakaa midomoni mwa watangazaji, mafundi na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, na huwezi kuling'oa neno la namna hiyo kwa kikao. Kinachowezekana ni kulibana: masafa yataje hezi peke yake, na urefu wa wimbi uitwe urefu wa wimbi. Masafa mafupi yabaki kama jina la zamani la huduma ile ya redio, tukijua limetoka wapi.

Neno masafa lina kasoro nyingine ndogo ya kisarufi: halina umoja. Huwezi kusema "safa moja" ukaeleweka, na "masafa mamoja" linakwaruza sikio. Mafundi wamekwisha kuitatua bila kuuliza mtu, wanahesabu chaneli. Chaneli ni nafasi katika kumbukumbu ya redio, na masafa ni kilichowekwa ndani yake. Baofeng UV-5R, redio ya mkononi iliyosambaa sana duniani kwa bei yake nafuu, ina chaneli 128. Uniden BC125AT, ambayo ni redio pekuzi halisi, ina 500, zimegawanywa katika mafungu 10 ya chaneli 50.

Kujaza nafasi hizo kwa vitufe vya redio kunawezekana, lakini ni adhabu. Ndiyo sababu kuna programu ya kompyuta. CHIRP, inayotolewa bure tangu mwaka 2008, ndiyo maarufu kwa redio kama Baofeng. Uniden nao wana ya kwao. Unaunganisha redio na kompyuta kwa waya. Wa Baofeng una pini mbili zinazozama ubavuni mwa redio, na usipozisukuma hadi mwisho, programu itakwambia redio haijibu. Nyaya za bei ya chini nazo mara nyingi zina chipu za kughushi ambazo Windows mpya huzikataa. Mafundi wengi wamelaumu redio nzima bure.

Kazi yenyewe huanza kwa kupakua, si kupakia. Unavuta kwanza kilichomo kwenye redio, unakihifadhi, kisha unahariri, halafu ndipo unapakia. Ukiruka hatua ya kwanza ukapakia faili la redio ya mwenzako yenye toleo tofauti, unaweza kuiharibu. Hapa ndipo ubora wa jozi hii ya maneno unapoonekana. "Kuingiza" halina mwenzake, lakini kupakia na kupakua vinakwenda pamoja kama mizigo ya lori pale Majengo sokoni, na mwelekeo unajulikana bila maelezo: redio ndiyo lori.

Kwenye skrini unaona jedwali. Kila mstari ni chaneli: namba yake, masafa, jina utakaloipa, na namna sauti inavyobebwa. Safu hiyo ya mwisho ndiyo inayowaponza wengi. Andika 121.500, masafa ya dharura ya ndege duniani kote, uyape jina DHARURA, kisha uiache safu ikisema FM. Utapata mkoromo usioeleweka, kwa sababu ndege za kiraia huzungumza kwa AM. UV-5R ya kawaida haina kabisa AM ya eneo hilo, hata uipakie mara ngapi. Na BC125AT, pamoja na ujanja wake wote, inaruka eneo lote la megahezi 88 hadi 108, kwa hiyo haikupi kituo chochote cha FM cha mjini.

Swali linalobaki ni masafa yepi ya kupakia. Orodha nyingi za "masafa ya kawaida" zinazozunguka zimetungwa Marekani. Zina chaneli za hali ya hewa za megahezi 162.400 hadi 162.550, ambazo ni huduma ya serikali ya huko. Dodoma utaambulia mkwaruzo. Wigo wa masafa hugawanywa kimataifa kwa kanda tatu, Tanzania iko Kanda ya Kwanza pamoja na Afrika yote na Ulaya, wakati Marekani iko ya Pili. Hivyo neno "kawaida" halina maana mpaka useme kawaida ya wapi.

Yapo machache yanayofanya kazi kila mahali. Mojawapo ni 145.800 kwa FM, ambayo Kituo cha Kimataifa cha Anga hutumia kwa redio ya ridhaa. Kinapita juu ya Dodoma kikiwa kiasi cha kilomita 400 kutoka ardhini, na wanaanga wakiwa hewani, redio ya mkononi inaweza kuwapata kwa dakika chache. Ndege nazo zina faida ya urefu. Ikiwa mita 10,000 juu, mawimbi yake yanafika kiasi cha kilomita 400, karibu kutoka Dodoma hadi pwani. Mnara wa uwanja wa mbali hauna urefu huo, upeo wa dunia unaukata. Ndiyo maana msikilizaji wa uwanda wa kati anaweza kumsikia rubani akijibu swali ambalo yeye hakulisikia.

Na hapa ndipo lile jina pekuzi linapodai haki yake. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 inakataza kunasa mawasiliano ya wengine bila idhini ya kisheria, na kutumia masafa kunahitaji leseni. Programu ya kompyuta haikuulizi leseni. Inapakia chochote ulichoandika, yawe masafa ya wanaanga au ya walinzi wa jirani yako. Kabla hujabonyeza, wasiliana na TCRA Kanda ya Kati, wako hapohapo Dodoma. Nanyi waandishi wa miongozo na walimu wa vyuo, andikeni kupakia masafa, na pembeni mwa kila namba wekeni MHz.