Ngoma Moja, Majukwaa Matatu: Safari ya Faustin Linyekula na Somo Lake kwa Butembo na Beni

Katika parokia za Jimbo la Butembo-Beni, mashariki mwa Kongo, Misa ya Jumapili huanza kwa mwili. Watoto huingia wakicheza mbele ya padri, kwaya ikiimba, ngoma zikishika mwendo. Utaratibu huo una mizizi katika Misale ya Kiroma kwa Majimbo ya Zaire, iliyoidhinishwa na Roma mwaka 1988. Mtu aliyewafundisha watoto hao hatua zao ni mtunzi wa dansi, ingawa hakuna amwitaye hivyo. Ikifika Noeli au Pasaka, mara nyingi ni yeye huyo anayepanga igizo na kuwaonyesha waimbaji mahali pa kusimama. Hajioni kuwa na kazi tatu. Kiswahili kinamuunga mkono, kwa kuwa neno ngoma hutaja chombo, uchezaji, wimbo na hata hafla yenyewe.

Makala hii inadai kwamba safari ya mtunzi wa dansi kati ya dansi, tamthilia na opera ni kazi moja inayodai vyumba tofauti, na kwamba kinachoiunganisha ni mahali anaporudi. Ushahidi wangu ni Faustin Linyekula, mtunzi wa dansi wa Kisangani.

Linyekula alizaliwa Ubundu mwaka 1974 na kukulia Kisangani, alikosomea fasihi na tamthilia. Miaka ya 1990, vyuo vikuu vya Zaire vilipofungwa, njia yake ilimfikisha Nairobi. Huko, mwaka 1997, yeye, Opiyo Okach na Afrah Tenambergen walianzisha Gàara, kundi la kwanza la dansi ya kisasa nchini Kenya. Mwaka 2001 alianzisha Studios Kabako, nyumba ya dansi na tamthilia, mjini Kinshasa, na mwaka 2006 akaihamishia Kisangani. Kabako ni jina la rafiki yake aliyefariki kwa tauni. Tangu mwanzo, basi, nyumba hiyo ilibeba deni kwa mtu asiyekuwepo tena.

Deni hilo ndilo lililozaa Dinozord mwaka 2006. Kazi hiyo iliagizwa kwa tamasha la New Crowned Hope mjini Vienna, lililoongozwa na Peter Sellars katika mwaka wa 250 tangu Mozart azaliwe. Linyekula aliichukua Requiem ya Mozart, ambayo ni misa ya wafu, akaipeleka kwa wafu wake mwenyewe. Jukwaani alikuwapo Serge Kakudji, kijana wa Katanga mwenye sauti ya juu ya kiume ambayo opera za kale za Ulaya ziliithamini sana. Karibu na sauti hiyo lilisimama jina la Antoine Vumilia Muhindo, mwandishi aliyekuwa katika gereza la Makala mjini Kinshasa chini ya hukumu ya kifo. Mashairi ya mfungwa huyo yaliimbwa tena mwaka 2009 katika onyesho lake more more more… future, juu ya gitaa la Flamme Kapaya. Vumilia alitoroka mwaka 2011, na kazi ya Dinozord ilipotengenezwa upya alisimama jukwaani mwenyewe. Hapo mtu hawezi kusema dansi inaishia wapi na tamthilia inaanzia wapi. Kumlilia aliyekufa na kumngoja aliyefungwa kunahitaji sauti, neno na mwili pamoja.

Mwaka huohuo wa 2009, jumba la tamthilia la Comédie-Française la Paris lilimkabidhi tamthilia ya Bérénice ya Racine. Mwaka uliofuata aliijibu kazi yake kwa Pour en finir avec Bérénice, akiwaweka waigizaji wa Kongo mbele ya Kifaransa walichorithishwa shuleni. Mwaka 2012, pamoja na Ballet de Lorraine, aliifufua La Création du monde ya mwaka 1923, ballet ambamo Milhaud, Léger na Cendrars waliibuni Afrika wakiwa Paris, kisha akamwingiza mchezaji mmoja Mwafrika aihoji picha hiyo. Mwaka 2019 aliwaita wakongwe wa Ballet National ya Zaire wasimulie L'Épopée de Lianja ya mwaka 1974, kazi iliyotumia utenzi wa Wamongo kujenga taifa kama Rais Mobutu alivyolitaka. Swali ni lilelile kila mara: nani alipanga hatua hizi, na kwa faida ya nani?

Kuna pingamizi ambalo halipaswi kupuuzwa. Fedha za kazi hizi zimetoka zaidi Ulaya, na watazamaji wa Avignon au Vienna wameziona zaidi kuliko watu wa Beni. Ni kweli, na ni jeraha. Lakini Linyekula angeweza kubaki alikokuwa na soko. Alichagua Kisangani, akafungua mahali pa vijana kujifunzia, na studio yake ikajishughulisha hata na maji safi katika mtaa wa Lubunga, ng'ambo ya mto. Fedha ya mbali hupata maana ikiwa na nyumba ya kurudia.

Butembo na Beni zinakosa nyumba ya namna hiyo. Tangu Oktoba 2014 mauaji yamefuatana katika eneo la Beni. Mlipuko wa Ebola wa 2018 hadi 2020 uliua watu 2,287, ukageuza kugusana kuwa hatari na kuwanyima wengi maziko waliyoyazoea. Mei 2021 ikaja hali ya dharura ya kijeshi. Miji iliyozuiwa kuwagusa wafu wake ina kazi ya maombolezo ambayo ripoti haziwezi kuifanya. Wanaojua kuifanya wapo tayari: walimu wa hatua katika parokia, viongozi wa kwaya, waandishi wa maigizo.

Kwa hiyo natoa wito. Chuo Kikuu cha Katoliki cha Graben kiyaandike majina na mbinu za watunzi hawa wazee wangali hai. Wafanyabiashara wa Butembo, waliojenga mji wao kwa mikono yao, wajenge ukumbi mmoja wenye sakafu ya mbao na milango iliyo wazi. Na sisi tunaoandika tuwaite watu hawa kwa jina la kazi yao: watunzi.