Kirusiuloto, Si "Ugonjwa wa Tano"

Wa tano katika hesabu ya nani? Madaktari wa Ulaya waliwahi kuyapanga kwa nambari maradhi ya watoto yatoayo vipele, surua ikiwa ya kwanza na rubela ya tatu, na haya yetu, yaletwayo na kirusi cha parvovirus B19, yakaangukia nafasi ya tano. Mama wa Kisauni, Mombasa, hana orodha hiyo, lakini jopo la istilahi ambalo adabu yanizuia kulitaja limemletea nambari bila orodha. Wapinzani wao wanapigia debe "ugonjwa wa shavu la kofi", eti kwa kuwa mashavu ya mtoto huiva kama aliyezabwa. Huiva kwa mtoto mweupe! Kwenye ngozi nyeusi wekundu ule ni shida kuuona, na muuguzi wa Frere Town anaelekezwa na jina atafute dalili iliyojificha.

Wengine, wakijiona wasomi, wamefasiri "virusi vidogo", kwa kuwa parvus ya Kilatini ni "-dogo". Kipo kirusi kinachoonekana kwa macho matupu? Isitoshe, Kiswahili kilipoipokea virusi, kilisikia vi- ya wingi kikachonga kirusi, kama kilivyosikia ki- katika kitabu cha Waarabu kikazaa vitabu. Na ki- ndiyo hiyo hiyo inayodogosha kitoto na kijito. Udogo umo tayari. "Parvo" tupu nayo, kwa wafugaji wa mbwa, ni maradhi ya kuhara ya vijibwa, ambayo kirusi chake hakiwaambukizi watu. Imebaki "B19". Yvonne Cossart na wenzake, wakipima damu mjini London kutafuta homa ya ini aina ya B, walikikuta kirusi hiki katika sampuli ya 19 ya kundi B, wakatangaza mwaka 1975. Tangu UVIKO-19, msomaji akiona 19 hudhani ni mwaka.

Napendekeza kirusiuloto, kwa mfano wa selimundu (sickle cell), neno lililounganisha seli na mundu na kukubalika. Majina yanayodumu hutaja kazi ya kitu: wamishenari wa shirika la CMS waliyaita makazi ya watumwa walioachwa huru Frere Town mwaka 1875, kwa heshima ya Sir Bartle Frere, lakini kengele yao ndiyo iliyowapa watu Kengeleni. Kazi ya kirusi hiki imo ndani ya mifupa. Huingia katika seli changa za uloto zinazotengeneza chembe nyekundu za damu, kikaziangamiza, na utengenezaji ukasimama kwa takriban wiki moja. Mwenye afya huenda asihisi kitu, maana chembe zake huishi siku 120 hivi. Mtu mzima huishia pengine na maumivu ya viungo. Mwenye selimundu, ambaye chembe zake huishi siku 10 hadi 20, hana akiba hiyo: damu hushuka ghafla hadi aongezewe. Uhusiano huo ulibainishwa London mwaka 1981, lakini uzito wake uko huku, kwani pwani, pamoja na magharibi ya Kenya, ndiko selimundu iliko kwa wingi. Mjamzito naye anaweza kumwambukiza mtoto tumboni, na mtoto huyo akaishiwa damu na kufura maji. Wanasayansi wenyewe wamekiweka kirusi hiki katika jenasi ya Erythroparvovirus, na erythro ya Kigiriki ni wekundu, yaani wa damu. Sisi bado tunahesabu vipele.

Nitaambiwa Kirusi ni lugha ya Moscow. Herufi kubwa na muktadha vinatosha kutenganisha. Nitaambiwa kamusi zina uboho pia, kwa maana ya uloto. Zinao, ila pwani, h ikimezwa kidogo tu, msemaji hujikuta ametamka lisilosemwa mbele ya wakwe. Wanaolipendekeza hawajalisoma kwa sauti. Hoja nzito ni kwamba seli za uloto hushambuliwa na vimelea vingine pia. Kweli, lakini ni vichache vinavyolenga chembe nyekundu changa kwa namna hii, na jina halidaiwi kusema yote. Selimundu haitaji himoglobini.

Kwa matumizi: kirusiuloto kimoja, virusiuloto vingi. Huenea kwa mate ya kukohoa na kupiga chafya, hakina chanjo, na mtoto mwenye selimundu anayelegea na kupauka ghafla apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Maabara waendelee kuandika B19.